Siku ya Julai Magic Kingdom na mtoto wa miezi 28: ilipovunjikia na kwa nini

Mama anaishi Ohio. Mdogo wake amekuja kumtembelea kutoka Dar es Salaam, na wote wawili wamempeleka mtoto Orlando, Florida, kwa siku moja ya Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney. Mtoto ni wa kiume, ana miezi 28, uzito wa kilo 12 na urefu wa sentimita 88. Huamka saa 1 asubuhi, na mchana hulala kuanzia saa 6:30 hadi saa 8:30. Saa hizo mbili za usingizi ndizo zilizoiamua siku nzima, na hazikuwa kwenye mpango wao. Familia hii tumeiunda kutokana na yanayowapata wazazi wengi, na saa zote hapa ni za Kiswahili.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Walitoka nyumba waliyopanga Kissimmee, mji wa jirani, saa 2:15, na saa 3:00 gari lilikuwa maegeshoni. Saa 4:00 walivuka lango la bustani. Walipiga picha mbele ya kasri mpaka saa 4:15, kisha wakapanga foleni ya Peter Pan's Flight, dakika 65, kwa mchezo wa dakika zisizozidi tatu. Saa 5:30 wakambadilisha mtoto nepi. Saa 5:45 walikataliwa kwenye Barnstormer. Saa 6:10 mama aliingia foleni ya Seven Dwarfs Mine Train peke yake, huku mama mdogo akibaki na mtoto juani. Saa 7:20 walifungua chakula walichobeba, wakakitupa. Saa 7:40 mtoto alisinzia kwenye kigari kilichofunikwa kanga, akaamka baada ya dakika 25 akiwa amelowa jasho. Walipata mchezo wa it's a small world na mzunguko mmoja wa Dumbo. Saa 9:00 alasiri ngurumo zikaanza. Saa 11:30 jioni waliufikia mlango wa gari, wakafungua nepi ya saa 5:30 na kuikuta karibu kavu.

Yaani saa nane na nusu za kuwa nje na michezo mitatu. Lakini idadi ya michezo si ya kumhangaisha mtu. La kuhangaisha ni ile nepi.

Tuanze na asubuhi, kwa sababu ndiyo mtaji pekee wa mzazi wa mtoto mdogo. Anayekuja na gari lake mwenyewe hafiki Magic Kingdom kwa kuegesha. Anafika Transportation and Ticket Center, kituo kilicho ng'ambo ya ziwa. Kutoka maegeshoni hupanda tramu, na kwenye tramu kigari lazima kikunjwe: mtoto mkono mmoja, kigari mkono wa pili, begi shingoni. Kisha ukaguzi wa mabegi, kisha monoreli au feri kuvuka Seven Seas Lagoon. Asubuhi yenye watu, safari hii yote hula dakika 40 hadi 60. Kwenye feri na monoreli unasukuma kigari bila kukikunja, na kwa mwenye mtoto tunaipendelea feri kwa sababu ina nafasi ya kusogea na upepo wa maji. Anayelala kwenye hoteli za Disney hana mlolongo huu, maana basi humshusha langoni.

Kwa hiyo kuegesha saa 3:00 ni kuingia saa 4:00, na kuingia saa 4:00 ni kukuta foleni zimeshajaa. Bustani ikifunguliwa saa 3:00, mwenye mtoto anapaswa kuwa maegeshoni saa 2:00 kamili. Saa hiyo moja ina thamani kuliko saa tatu za alasiri, kwa sababu jua halijakaza, foleni ni fupi, na mtoto bado ana uji wa asubuhi tumboni na moyo mkunjufu.

Peter Pan's Flight lilikuwa kosa la kuchagua. Mchezo wenyewe ni mzuri kwa mtoto, ila una tabia mbili zinazojulikana: foleni yake hurefuka mapema, kwa sababu wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na vigari haviingii foleni yoyote ya michezo. Kwa saa nzima mama alibeba kilo 12 mikononi. Mtoto wa miezi 28 akisimamishwa mahali pamoja kwa dakika 65 huchoka akili kabla ya miguu, na ndipo kulialia kulipoanza. Kwa umri huu tunaweka kikomo cha dakika 25 kwa foleni yoyote, na 15 ikiwa foleni iko juani. Ikizidi, piteni.

Barnstormer lilikuwa kosa la kutopima. Ni treni ndogo ya kupanda na kushuka kwa kasi, na kimo chake cha chini ni sentimita 89. Mtoto ana 88. Wahudumu hupima kwa kijiti na hawapindishi, nao wako sahihi, kwa sababu kifaa cha kumzuia abiria kimetengenezwa kwa mwili wa kimo hicho. Mpimeni mtoto ukutani nyumbani, bila viatu, juma moja kabla. Seven Dwarfs Mine Train inataka sentimita 97, Tiana's Bayou Adventure 102, Space Mountain 112. Tomorrowland Speedway inataka 81 tu ili mtoto apande na mtu mzima, kwa hiyo huyu angeruhusiwa, ingawa kelele na harufu ya petroli huwachosha wadogo. Michezo isiyo na kimo chochote ndiyo mingi: Dumbo, it's a small world, The Many Adventures of Winnie the Pooh, Under the Sea, PeopleMover na farasi wa kuzunguka wa Prince Charming Regal Carrousel, waliochongwa mwaka 1917, zaidi ya nusu karne kabla ya bustani yenyewe kufunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Mtoto chini ya miaka mitatu hakatiwi tiketi, hivyo hakuna hela ya mtoto ya "kufidia" kwa michezo mikubwa.

Kwenye Seven Dwarfs, wakubwa walitaka mmoja wao apande. Hilo ni haki yao, na bustani ina utaratibu wake, Rider Switch, usiolipiwa. Kosa lao ni kwamba mama aliingia foleni kwanza, kisha akauliza akiwa katikati. Utaratibu hudai kundi zima, pamoja na mtoto, lifike kwa mhudumu wa mlangoni kabla mtu yeyote hajaingia. Mhudumu huwasajili, mtu mzima wa kwanza anapanga foleni ya kawaida, na wa pili anabaki na mtoto. Wa kwanza akitoka, wa pili anaingia kwa njia ya Lightning Lane, ambayo wengine huilipia, na kungoja kwake ni kufupi sana. Na anayebaki na mtoto hatakiwi kusimama mlangoni. Mama mdogo alikaa zaidi ya saa nzima kwenye ukuta wa jua akidhani akiondoka watapoteza nafasi, ilhali farasi wa kuzunguka na Winnie the Pooh viko hatua chache kutoka hapo.

Chakula hakihitaji maneno mengi, ila kina funzo la usalama. Walibeba wali na kuku kwenye kibebeo chenye barafu ya vipande. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, barafu iliyo huru hairuhusiwi. Kwenye ukaguzi ikamwagwa, na kuku akabaki na joto la Florida, ambalo mwezi Julai hufika nyuzi 33 mchana. Kanuni ya Marekani ya usalama wa chakula ni kwamba kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na zaidi ya saa moja ikiwa hewa imepita nyuzi 32. Walipokifungua kilikuwa na zaidi ya saa tatu. Walifanya vyema kukitupa. Njia iliyo sahihi ni pakiti za jeli zilizogandishwa usiku kucha, au chupa mbili za maji zilizogandishwa, ambazo zikiyeyuka ni kinywaji. Kwa mtoto bebeni ndizi, chapati iliyokunjwa, mkate, vitu visivyodai barafu. Vyombo vya kioo havipiti, isipokuwa vichupa vidogo vya chakula cha watoto wachanga. Uji upitisheni kwenye chupa ya chuma ya kuhifadhi joto.

Sasa kanga.

Mama mdogo alifanya ambalo kila mama wa pwani angefanya: mtoto amesinzia, jua linampiga, akatandaza kanga kavu juu ya kigari kutoka mbele hadi nyuma. Kivuli kikapatikana, na hewa ikafungwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima jambo hili. Kitambaa chepesi kikavu juu ya kigari kiliongeza joto la ndani kwa zaidi ya nyuzi 2. Kitambaa hicho hicho kikiloweshwa na kusaidiwa na feni ndogo, joto lilishuka kwa karibu nyuzi 5. Tofauti ni maji na mwendo wa hewa. Kanga inabaki kuwa kifaa bora kuliko vingi vinavyouzwa kwenye maduka ya vigari, lakini ilowesheni, ikamueni, ifungeni upande wa jua tu ili upande wa pili ubaki wazi, na muiloweshe tena kila dakika 15 hadi 20. Feni iwe ya mapanga laini na ifungwe mahali vidole havifiki. Hewa ikipita nyuzi 35, feni peke yake hupuliza joto, na hapo maji ndiyo yanayopoza.

Mtoto wa umri huu hupata moto upesi kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, hivyo hupokea joto jingi kutoka nje, na jasho lake halitoki kwa wingi kama la mkubwa. Tena kigari kinambeba karibu na lami, ambako joto ni kali kuliko kwenye uso wa anayesukuma. Guseni vifungo vya chuma vya mkanda kabla ya kumrudisha kitini, kwa sababu vikiachwa juani huchoma.

Mtu wa Dar au Mombasa atasema joto analijua. Analijua kweli, na unyevu wa Orlando mwezi Julai haumshangazi aliyekaa Kariakoo mwezi Februari. Lakini nyumbani, jua likiwa la utosi, nani humtembeza mtoto saa tatu mfululizo barabarani? Mtoto yuko ndani au chini ya mwembe, ameshakula, amelala. Ujuzi wa joto tulio nao ni ujuzi wa kulikwepa. Kilichowafanya hawa wawili waache walichofundishwa tangu utotoni ni sentensi moja aliyoisema mama mdogo saa 6:00 mchana, mtoto alipoanza kufikicha macho: "Dada, tumeshalipia, tukae mpaka jioni." Tunaielewa vizuri sentensi hiyo. Tiketi ni ghali, nauli kutoka Tanzania ni ghali zaidi, na huenda nafasi isirudi. Hata hivyo ndiyo iliyovunja siku, maana tangu saa 6:30 mtoto hakuwa tena na uwezo wa kufurahia chochote.

Usingizi wa dakika 25 badala ya saa mbili hauleti nusu ya faida. Mtoto hukatizwa katikati, huamka akiwa mkali, anakataa maji, anakataa kubebwa, anakataa kushushwa. Kukataa maji ndiko kulikotufikisha kwenye nepi. Ilivaliwa saa 5:30, ikafunguliwa saa 11:30, karibu kavu. Mtoto mdogo akikaa muda wa saa sita bila mkojo, mwili unakosa maji, na zikitimia saa nane ni za kumpigia daktari hata kama anacheza. Dalili nyingine ni mdomo mkavu, kulia bila machozi, macho kuzama, kulegea. Vitabu vingi hutaja uso kuwa mwekundu, na kwa mtoto mweusi alama hiyo huonekana kwa shida, hivyo msiisubiri. Shikeni shingo na kifua, tazameni machozi, fungueni nepi. Joto la mwili wake likifika nyuzi 40, au mtoto akichanganyikiwa, akitapika mfululizo au kuzimia, piga 911, namba ya dharura ya Marekani, mvue nguo, mmwagie maji na umpepee wakati mkisubiri.

Kabla ya kufika huko kuna mahali ambapo hawa wawili walipapita mara mbili bila kupajua. Mwisho wa Main Street, barabara ya kuingilia bustanini, pembeni mwa mkahawa wa Crystal Palace, kuna Baby Care Center, na First Aid iko hapo hapo. Ndani kuna kiyoyozi, vyumba vya kunyonyeshea, meza za kubadilishia nepi, viti virefu vya kulia, jiko lenye maikrowevu na sinki, na duka dogo la nepi na maziwa. Nusu saa ya ukimya hapo saa 5:30, miguu ikiwa kwenye kitambaa kibichi na kikombe mkononi, ingebadilisha mchana wote. Watoto waliopotea nao hupelekwa hapo. Mpigeni picha mtoto asubuhi akiwa amevaa nguo za siku hiyo, na mkononi mwake muandike namba ya simu inayopatikana Marekani. Namba ya Tanzania ya mama mdogo isiyo na huduma ng'ambo haitamsaidia mhudumu.

Maji baridi hayanunuliwi. Migahawa ya kaunta yenye mashine za soda hutoa kikombe cha maji ya barafu bure kwa anayeomba. Msimpe mtoto kikombe kizima mara moja. Mpeni mafunda machache kila dakika 20, awe ameomba au hajaomba. Losheni ya kukinga jua iwe SPF 30 au zaidi, ipakwe dakika 15 kabla ya kutoka na kurudiwa kila saa mbili, na ngozi nyeusi nayo huipaka, ingawa kwa mtoto kofia na kivuli hufanya kazi kubwa zaidi.

Kigari chenyewe kilikuwa na matatizo mawili. Kilikodishwa ndani ya bustani, na vya kukodi ni vya plastiki ngumu, mgongo haulali, wala havitoki nje kuelekea garini. Anayetaka mtoto alale aje na chake, kisizidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu. Pia walining'iniza begi zito kwenye mpini, na kila mara mtoto alipotolewa, kigari kilipinduka nyuma. Vitu vizito vikae chini ya kiti. Mkirudi msishtuke mkikikosa mlipokiacha, kwa sababu wahudumu huvipanga upya. Kipande cha kanga kilichofungwa kwenye mpini hukitambulisha kati ya vigari mia vinavyofanana.

Ngurumo za saa 9 si bahati mbaya. Florida ya kati ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi Marekani, na chanzo chake ni upepo wa bahari ya Atlantiki kutoka mashariki kukutana na ule wa Ghuba ya Meksiko kutoka magharibi juu ya nchi kavu iliyochemka tangu asubuhi. Kwa hiyo mawingu hupanda mchana, na mvua hushuka kati ya saa 8 na saa 12 jioni. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa, feri nazo husimama, na maelfu ya watu hugeukia monoreli kwa pamoja. Mvua yenyewe haidhuru. Kinachodhuru ni foleni ya kutoka, ndiyo maana hawa walichukua saa mbili na nusu kutoka ngurumo ya kwanza hadi garini.

Siku hiyo hiyo, kwa mtoto yule yule, tungeipanga kwa jua na wala si kwa ramani: vya nje kwanza, vya ndani baadaye. Kuegesha saa 2:00, lango saa 2:45, picha za kasri wakati Main Street bado ina nafasi. Saa 3:00 moja kwa moja hadi kona ya nyuma, Storybook Circus, kwa Dumbo mara mbili mfululizo, kwa sababu pale hakuna kivuli cha kutosha baadaye na mtoto atataka kurudia. Kisha Under the Sea, kisha farasi wa kuzunguka. Saa 4:15 ndizi na chapati. Saa 4:30 Winnie the Pooh, halafu it's a small world, mashua ya dakika kumi hivi ndani ya ubaridi. Kama foleni yoyote imezidi dakika 25, PeopleMover huchukua nafasi yake: dakika kumi za kivuli na upepo, na foleni yake husogea. Saa 5:20 hadi saa 5:45 achezee maji kwenye Casey Jr. Splash 'N' Soak Station, akiwa na nepi ya kuogelea, maana ya kawaida hunyonya maji ikaning'inia magotini. Viatu vibaki miguuni, sakafu huchoma. Avuliwe, akaushwe kwa kanga, avishwe nguo kavu. Saa 6:00 waanze kuelekea feri.

Hapo ameshapanda michezo mitano au sita, na anasinzia kwenye kiti cha gari karibu na saa yake, kiyoyozi kikiwa kimewashwa dakika tano kabla ya kumfunga mkanda. Tiketi inaruhusu kurudi jioni siku hiyo hiyo. Aliyelala hoteli ya Contemporary Resort, umbali wa kutembea kwa miguu, arudi saa 12 jioni mtoto akiwa ameamka na mvua imekata. Aliyeko Kissimmee asirudi na mtoto, kwa sababu kwenda na kuja kutakula karibu saa tatu. Mkubwa mmoja abaki nyumbani naye, na yule aliyetoka Dar es Salaam arudi peke yake akapande Seven Dwarfs na Space Mountain kwa nafasi.